Mwarobaini wa Marabastad

Mzazi mwenzangu, ukifika Johannesburg kwa siku chache kama sisi likizo iliyopita, wengi watakuambia uende Soweto. Nenda. Lakini tenga na asubuhi moja, upande treni ya Gautrain hadi Pretoria, kisha teksi mpaka Marabastad, uulizie hekalu la Mariamman.

Mariamman ni mungu wa kike wa Watamil. Huombwa mvua na afya, na zamani aliogopwa kwa sababu ya ndui. Mnara wake umejaa sanamu za rangi. Viatu unavua nje. Mimi nimekulia Mombasa, nimepita kando ya mahekalu ya Wahindi miaka yote bila kuingia hata moja, basi nikasita pale mlangoni, viatu mkononi. Binti yangu wa miaka kumi alikuwa ameshaingia.

Ndani kulinukia kafuri, ambayo kwetu naijua msibani. Bibi mmoja mwenye sari akatukaribisha, akatueleza kuwa kwao India Mariamman huabudiwa kwa majani ya mti uitwao vembu. Akanionyesha picha kwenye simu. Mwarobaini! Nikamwambia jinsi nyanya yangu alivyotuogesha maji ya mwarobaini tulipopata tetekuwanga. Akacheka sana.

Watamil wa kwanza waliletwa Natal mwaka 1860, vibarua wa mkataba katika mashamba ya miwa. Wahindi wa Marabastad nao walihamishwa kwa nguvu na serikali ya ubaguzi, kwa sheria ya mwaka 1950, wakapelekwa Laudium. Hekalu likabaki, na watu wanarudi kusali.

Nikamuuliza yule bibi kama wajukuu zake wanasema Kitamil.

“Nyimbo wamezihifadhi zote,” akasema. “Ila hawajui wanaimba nini.”

Hakusema kwa kulalamika. Mimi nikawaona watoto wetu wa Jumamosi kwenye sherehe ya kufunga muhula, walivyoimba vizuri, na sisi wazazi tulivyopiga makofi bila kuuliza neno.

Ndani ya teksi nikamuuliza binti yangu mwarobaini ni nini.

“Mti.”

“Kwa nini unaitwa hivyo?”

Akalivunja neno polepole. “Arobaini… arobaini ya nini, Mama?”

“Magonjwa unayotibu. Haya, yataje.”

Homa, mafua, kikohozi, tumbo. Hapo akakwama. Nikamsaidia, na tulipofika stesheni tulikuwa kwenye la kumi na moja.