Nilimdanganya Daktari wa Paka

Daktari aliniuliza paka amekujaje, nikamjibu, “Kwenye kikapu, daktari.” Uongo mtupu. Msumari alikuja ndani ya kiroba cha unga kilichofungwa mdomo kwa kamba, na kiroba chenyewe nilikiacha makusudi kwenye bajaji, nisionekane mshamba mbele ya wateja wenye matenga ya kununua. Nikamwingiza kliniki nimemkumbatia, makucha yamezama kwenye shati langu.

Wala sikuona kama uongo huo una uzito. Wengi wetu tumekua tukiona paka anabebwa kwenye kiroba. Anayehamishwa nyumba hubebwa hivyo, na anayekwenda kutupwa sokoni hubebwa hivyo hivyo. Yeye mle ndani atajuaje tofauti? Lakini hilo nalisema leo. Siku ile nilichotaka ni asitoroke barabarani, basi.

Tulitoka Mbagala asubuhi, tukakwama kwenye foleni ya barabara ya Kilwa, honi kila upande na jua linapiga turubai. Kwanza alilia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kisha akanyamaza. Nikafurahi kwamba ametulia.

Juu ya meza ya chuma alikuwa anahema mdomo wazi kama mbwa, na kila alipokanyaga aliacha alama ya maji. Nikaanza kuomba radhi nikidhani amekojoa. Kumbe ni jasho: paka hutoka jasho kwenye nyayo, na akiogopa sana meza hulowa. Nilitaka kumkamata ngozi ya nyuma ya shingo nimbane, daktari akaniondoa mkono taratibu, akamfunika taulo mwili mzima akaacha kichwa tu. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa paka, AAFP cha Marekani na ISFM cha kimataifa, vilitoa miongozo inayokataa mshiko huo. Mama paka hubeba hivyo kitoto chake cha siku chache. Dume la kilo tano akishikwa vile anachoelewa ni kwamba amekamatwa.

Nilikuwa nimempeleka kwa sababu alikuwa anapungua na ameanza kuacha chakula. Daktari akamtoboa ncha ya sikio, akagusisha tone la damu kwenye kipima sukari. Kikasoma 17. Paka mwenye afya aliyetulia hucheza kati ya 4 na 8 hivi. Dume, amehasiwa, ana umri wa makamo, alikuwa mnene na sasa anakonda: hiyo ndiyo picha ya kisukari cha paka, na daktari hakukosea kuiona. Akanieleza habari za insulini, sindano asubuhi na jioni, chupa ikae kwenye friji. Mimi naitikia kwa kichwa, akilini napiga hesabu ya bei.

Halafu akashika mguu wa mbele kuangalia kucha. Akachomoa uzi wa plastiki, mweupe bapa, uliokuwa umejisokota chini ya ukucha. Akachomoa wa pili kwenye mguu mwingine, wenye rangi ya bluu ya nembo ya unga. Akaziweka mezani.

“Kaka, hicho kikapu chako kimesukwa kwa nyuzi hizi?”

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema kiroba, nikasema na foleni, nikasema na ile kelele. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alifuta tu alichokuwa ameanza kuandika.

Paka akitishika, mwili wake humwaga adrenalini, na ini huachia sukari kwenye damu kwa ajili ya kukimbia au kupigana. Kwa paka inaweza kupanda hadi kiwango cha mgonjwa halisi, na isishuke mara moja. Shinikizo la damu nalo hupanda, mapigo ya moyo pia. Kwa hiyo daktari alikuwa anapima safari yangu, siyo ugonjwa wa paka. Insulini aliyochomwa paka asiye na kisukari inaweza kumshusha sukari mpaka degedege, hata kumuua. Mimi nilikaa pale nikisikiliza maelezo ya dawa hiyo, nikijua safari aliyopitia mnyama yule, nikanyamaza kwa aibu ya kiroba. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko kiroba chenyewe.

Damu ikachukuliwa upya kwa kipimo cha fruktosamini, ambacho husoma wastani wa sukari wa wiki kadhaa zilizopita na hakidanganywi na hofu ya asubuhi moja. Majibu yakarudi ya kawaida. Kilichokuwa kinamkondesha ni jino la nyuma lililooza, likang'olewa akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Jirani alipoyasikia haya akanishauri siku nyingine nimpe nusu kidonge cha parasetamoli “apoe njiani.” Naliandika hapa kwa sababu hatakuwa yeye peke yake: parasetamoli ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja kinatosha kuua. Dawa ya kutuliza ipo, gabapentini, ambayo binadamu huitumia kwa kifafa na maumivu ya neva. Paka hupewa saa mbili hivi kabla ya safari, na dozi hupangwa na daktari.

Kosa la mwisho nililifanya nyumbani. Nilifungua mlango nikamwachia Msumari aingie moja kwa moja alipo dada yake, Pini, waliyezaliwa naye siku moja. Pini akamnusa, akavimba mkia, akamrukia usoni. Msumari alikuwa ananuka spiriti na mbwa wa mapokezini, na paka hutambuana kwa harufu kabla ya sura. Ningemweka chumba cha peke yake hadi kesho yake, nikampangusa kwa kitambaa cha malazi ya Pini, wasingepigana. Ikabidi niwatenganishe na kuwalisha pande mbili za mlango mmoja, sahani zikisogea karibu kidogo kidogo, na hata hivyo Pini aliendelea kufoka kwa muda mrefu.

Sasa tuna tenga la plastiki ambalo nusu yake ya juu hutoka, daktari ampime paka akiwa amekaa kwenye nusu ya chini bila kuvutwa miguu. Liko sebuleni wazi mwaka mzima, ndani mna kanga kuukuu, na samaki mkavu hudondokea humo mara kwa mara. Kwenye bajaji hufunikwa, na tukifika kliniki linawekwa kitini, kamwe si sakafuni mbele ya pua za mbwa. Pini hulala humo mchana na ameshakwenda nalo kuchanjwa kichaa cha mbwa bila kelele. Msumari analipita kwa mbali mpaka leo, hata kwa samaki haingii, na sitarajii abadilike. Yeye chanjo yake daktari huja kumchoma nyumbani, na bei ya kuja nailipa bila kuomba punguzo.