Jumba la Lodi Egerton huko Njoro

Katika kasha la vitabu vya marehemu baba nilikuta kadi ya posta ya zamani, kingo zake zimeliwa na mende. Picha yake ni ya jumba la mawe, pana, lenye madirisha mengi na uwanja wa majani mbele. Hata mtu mmoja haonekani. Mama alipoiona alisema, "Hilo ni la Lodi," na tangu siku ile hakunipa raha mpaka nikampeleka.

Si mbali. Kutoka Nakuru mjini ni yapata kilometa 14, kwa njia ya Eldoret hadi Ngata, kisha unaiacha lami na kupita katikati ya mashamba.

Jumba lilianza kujengwa mwaka 1938 kwa amri ya Lodi Maurice Egerton, Mwingereza aliyerithi milki ya Tatton huko Cheshire. Alikuwa pia miongoni mwa Waingereza wa kwanza kurusha ndege. Vita Kuu ya Pili ilisimamisha kazi, na nyumba haikukamilika ila mwaka 1954. Vyumba ni 52. Umo ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba, ingawa mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto wa kumchezea.

Watu wa Njoro husimulia kwamba alimposa mwanamke, naye alipoonyeshwa nyumba ya kwanza akaicheka kuwa ni banda la kuku. Lodi akajenga hii, lakini bibi akaolewa na mwingine. Ndipo, wasema, akakataza wanawake wasikanyage kiwanja chake. Msomaji apime mwenyewe. Lililo wazi ni kwamba aliikaa nyumba iliyokamilika miaka minne tu, akafa mwaka 1958, na cheo chake kikakoma naye.

Kilichodumu kuliko cheo ni shule ya ukulima aliyoianzisha karibu na hapo mwaka 1939. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu; watu wa rangi zote walifunguliwa mlango mwaka 1961. Tangu 1987 ni Chuo Kikuu cha Egerton, na jumba lenyewe limo mikononi mwa chuo hicho.

Mama alipita chumba hadi chumba akigusa mbao za kuta. "Vyumba hamsini na viwili," akasema, "na mtoto hakulia hata katika kimoja." Kisha akauliza jiko liko wapi.

Tulipotoka tulikuta arusi uwanjani, maana siku hizi wengi huja kuoania hapo. Mama alikuwa amechoka, akaketi katikati ya ngazi. Mpiga picha akamwomba kwa adabu asogee kidogo. Mama akakaza kanga yake, asisogee. Bibi arusi akacheka, akainua gauni lake, akaketi kando yake.

"Piga hivi hivi," akasema.