Mukau Mchanga Hautoi Sanduku

Kuna watu huku kwetu Kitui na Makueni wanaoamini ubao mzuri lazima utoke mbali. Mimi nakataa, na mfano wangu ni wa ajabu kidogo: sanduku la kutunzia siga, zile biri nono za Kuba. Kuna mteja wa Nairobi anataka nimtengenezee moja. Mimi sivuti, lakini mbao nazipenda.

Kazi ya sanduku hilo ni kushika unyevu wa karibu asilimia 65 hadi 70 ili tumbaku isikauke. Kwa hivyo ubao usipinde, usioze, na usiipe tumbaku harufu mbaya. Ng'ambo wanapenda ubao unaoitwa seda ya Uhispania. Sasa cheka: si seda, na si wa Uhispania! Ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, wa ukoo mmoja na mahogani. Na katika ukoo huo huo kuna mwarobaini, na kuna mukau wetu.

Ukiulizia seda kwenye yadi za hapa, utapewa mtarakwa, ule wa nguzo za ua. Una harufu kali, siga itanuka penseli. Achana nao.

Mukau ndio wazee wetu walichongea mizinga ya nyuki, kwa sababu mchwa hauwezi. Lakini sikiza: nguvu hiyo iko kwenye moyo wa mti, ile sehemu nyekundu-kahawia. Sehemu ya nje, nyeupe, haina kitu. Na mti mchanga karibu wote ni nyeupe.

Hapo ndipo roho yangu inauma. Mukau huchukua miaka 10 hadi 15 kufika mbao. Mbegu yake ni ngumu kuota, hadi watafiti wa KEFRI pale Kitui wamehangaika nayo miaka mingi wakishirikiana na Wajapani. Halafu Januari karo inafika, dalali anaingia shambani, anauangalia mti wa miaka 6, anataja bei ya kutupa, na mti unalala chini. Mkulima amepoteza, fundi naye amepata ubao wa kupinda.

Tusimlaumu mkulima peke yake. Sisi wanunuzi ndio tunauliza bei tu. Uliza pia mti ulikuwa na miaka mingapi. Angalia kichwa cha ubao, uone nyekundu ni kiasi gani. Mlipe mkulima kwa futi ya mbao iliyopasuliwa, si kwa mti uliosimama.

Sanduku la inchi 12 kwa 8 kwa 5 linahitaji ubao mmoja tu wa futi 6, upana inchi 8. Upange kivulini, hewa ipite chini na juu. Upime uzito kila wiki. Ukiacha kupungua, umekauka. Kisha funga kipande ndani ya chupa na pamba yenye maji, siku chache baadaye unuse. Kikinuka vibaya, usikitumie. Na ndani ya sanduku usipake vanishi.

Ubao mmoja mkomavu, ulionunuliwa kwa haki, unamwambia mkulima wa Kibwezi kwamba kungoja kunalipa. Wewe fundi unayesoma hii, mara ya mwisho uliuliza umri wa mti lini?