Sura ya Mutesa, Masikio Yangu

Picha yenyewe imo kwenye kitabu cha John Hanning Speke kilichotoka London mwaka 1863: Kabaka Mutesa wa Buganda barazani, pamoja na wageni wake wawili, Speke na Grant. Mimi niliiona kwenye karatasi ya fotokopi, hapa hapa Nduguti, wino umefifia pembeni. Hata hivyo, msomaji mwenzangu, niliikodolea macho.

Si ya kamera. Ni ya kuchonga. Grant ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora safarini. Kule Uingereza michoro ikachorwa upya, kisha ikachongwa kwenye mbao ngumu. Fundi huondoa pale panapotakiwa kuwa peupe, akiacha mistari imesimama ishike wino. Na lazima achonge kinyume, maana kulia kwa mbao ndiko kushoto kwa karatasi. Hebu fikiria: jamaa yuko London na kipatasi chake, anahangaika na pua ya mfalme ambaye hajapata kumwona hata kwa mbali!

Mwaka 1875 Stanley alipita huku kwetu Singida, akapigana na Wanyaturu pale Vinyata, akaendelea hadi kwa Mutesa akiwa na kamera. Picha aliyompiga nayo ilichongwa ndipo ikaingia kitabuni, 1878. Hiyo naiamini zaidi kidogo, ingawa nayo imepita kwenye mkono wa mchongaji.

Nayasema haya kwa sababu baba anataka picha ya babu. Babu alifariki 1986, hakupigwa picha hata moja, na mimi sikumkuta. Baba amekwisha patana na kijana anayechora mabango ya saluni: baba asimulie, yeye achore. Shangazi hataki hata kusikia.

“Mnitundikie mgeni ukutani, halafu nimwamkie?”

“Sasa dada, wajukuu watamjuaje?”

Moyoni niko na shangazi. Ila baba anazeeka, na akiondoka yeye hata hayo masimulizi ya kuchorea hatutakuwa nayo. Juzi fundi kamuuliza masikio ya babu yalikuwaje. Baba akanyamaza kitambo, halafu akaninyooshea kidole mimi.

Jumamosi natakiwa kibandani kwake, nikae kwenye benchi, nimgeuzie upande wa kushoto.