Ritifaa Mlangoni pa Kompyuta

Katika maandishi ya Kiswahili sanifu imo alama ndogo ambayo wanafunzi wengi huidhania kuwa pambo, nayo ni ritifaa. Kazi yake, hata hivyo, si ndogo. Ndiyo inayotofautisha kitenzi ng'oa na nomino ngoa: la kwanza ni tendo la mikono, la pili ni maradhi ya moyo. Wanaisimu huiita sauti hiyo king'ong'o cha kaakaa laini, na hata istilahi yenyewe haiandikiki bila ya ritifaa mbili.

Umuhimu huo ulimdhihirikia mwalimu mmoja mstaafu ambaye jina lake la ukoo huanza kwa sauti hiyo. Ofisi iliyohusika na malipo yake ya uzeeni ilimtaka ajisajili upya katika tovuti mpya, la sivyo malipo yangesimamishwa. Ukurasa wa kwanza ulimkaribisha kwa picha ya vijana wanaocheka, wala haukuonyesha mahali pa kujisajili. Alipopagundua, pakiwa pamefichwa nyuma ya mistari 3 isiyo na neno lolote, aliandika jina lake kwa uangalifu. Jibu likaja kwa rangi nyekundu: "Tafadhali andika jina sahihi."

Kwa kuwa alikuwa mwalimu, kwanza alijitilia shaka yeye mwenyewe. Alilikagua jina herufi kwa herufi. Lilikuwa lilelile alilolitumia kwa zaidi ya miaka 60, ubaoni, katika vyeti na katika hati ya ndoa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amelikosea. Hatimaye akaiondoa ritifaa, na jina likapokelewa. Furaha yake haikudumu, kwani ukurasa wa pili ulililinganisha jina hilo na lile la kitambulisho, ukatoa hukumu kwamba majina hayalingani. Ikawa jina lake la kweli si sahihi, na lile sahihi si la kweli.

Alikimbilia sehemu ya msaada. Huko alikuta orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na la kwake halikuwamo. Msaidizi asiye mtu alimwuliza shida yake. Alipoeleza kuwa ni ritifaa, alifundishwa namna ya kubadili neno la siri. Kisha akaulizwa iwapo ameridhika, akapewa majibu mawili ya kuchagua: "Ndiyo" na "Niulize baadaye."

Chanzo cha masaibu hayo si fumbo. Katika msimbo wa ASCII, uliotolewa mwaka 1963, ritifaa ilipewa namba 39, na alama hiyohiyo hutumika pia kama alama ya mtajo. Katika SQL, lugha ya kuendeshea hifadhidata iliyobuniwa na watafiti wa IBM katika miaka ya 1970, ndiyo inayoonyesha mwanzo na mwisho wa maneno yanayohifadhiwa. Programu ikiundwa bila ya hadhari, jina lenye ritifaa hukatwa katikati, na kipande kilichobaki husomwa kama amri. Wahalifu huutumia mwanya huo kupenyeza amri zao. Dawa yake imejulikana kwa miaka mingi, nayo ni kuzitenga amri na data. Lakini wako waundaji wanaoona ni rahisi zaidi kuipiga alama marufuku, mfano wa bawabu ambaye kwa kuogopa wezi huwafungia nje wenye nyumba.

Hata pale inapopokelewa, ritifaa haisalimiki. Programu nyingi za kuandikia huipinda bila ya kuombwa, na iliyopindwa ina namba 8217 katika msimbo wa Unicode. Kwa jicho la msomaji alama hizo ni moja. Kwa kompyuta ni mbili mbalimbali, hivyo anayemtafuta ng'ombe wa 39 huenda asimwone ng'ombe wa 8217, ingawa wote wamo zizini. Unicode imetenga pia namba 700 kwa ritifaa iliyo sehemu ya herufi, lakini kitufe chake hakimo katika kibodi za kawaida.

Tatizo hili haliwezi kusemwa kuwa ni la mtu mmoja. Profesa Peter Anyang' Nyong'o wa Kenya ana ritifaa mbili katika majina yake; wakazi wa Ng'ambo, Unguja, wanayo katika anwani; na Waayalandi wanayo katika majina kama O'Brien. Jina la mtu halikuundwa ili liifae fomu. Fomu ndiyo iliyopaswa kuundwa ili ilifae jina.

Mwalimu yule mwishowe alipanda basi akaenda ofisini. Karani alilisoma jina katika kitambulisho, akalitamka sawasawa bila ya kuelekezwa, akaliingiza kwa njia aijuayo mwenyewe. Baada ya wiki 2 barua ikafika, ikieleza kwamba malipo yataendelea. Katika jina lake, pale palipostahili ritifaa, palikuwa pamechapwa "&#39;". Mwalimu aliitazama kwa muda, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha, kisha akaihifadhi barua kabatini pamoja na vyeti vyake.