Bustani ya Marhubi kwa Macho ya Kilosa

Wapenzi wa mashairi walioko visiwani wanaijua Marhubi: nguzo nene zilizosimama bila ya dari, hamamu, mabirika ya mayungiyungi na miembe mikongwe, yote kando ya bahari, kaskazini ya Mji Mkongwe. Sayyid Barghash bin Said alilikamilisha jumba hilo mwaka 1882. Mwaka 1899 moto ukaliteketeza, yakasalia mawe. Wasimulizi huwahesabu masuria waliokaa humo wakafika 99. Mimi niishiye Kilosa nina hesabu nyingine: bustani ile ilistawi kwa mali ya wapi?

Swali hili limezaliwa katika kazi ya tafsiri. Kwa muda sasa najaribu, kwa elimu ya kujifunza mwenyewe, kuyafasiri majina ya mandhari ya bustani ya wafalme wakuu wa China iliyoko Chengde, kaskazini ya Beijing. Kangxi aliianza mwaka 1703 ili apate pa kukimbilia joto la kiangazi. Ikatimia mwaka 1792, zama za mjukuu wake, Qianlong. Kangxi alichagua mahali 36, kila pahala akapapa jina la herufi nne na shairi lake. Qianlong akaongeza 36 kwa majina ya herufi tatu. Atembeaye humo, basi, husoma kwa miguu.

Mpango wake nao una maana. Ukuta wa kiasi cha kilomita 10 umeizunguka. Kusini yako majumba ya enzi; yanafuata maziwa na visiwa vidogo, mfano wa nchi za kusini mwa China; kisha uwanda wa nyasi ambako mahema ya Kimongolia yalipigwa kuwakirimu wakuu wa huko; na upande wa magharibi ni milima, ambayo imeshika sehemu nne katika tano za eneo lote. Mfalme aliitia dola yake ndani ya ukuta mmoja.

Neno "bustani", lililotujia kutoka Uajemi, asili yake ni mahali pa harufu nzuri. Halikunitosha. Nikalikumbuka "kitalu", neno letu la kale: ni ukuta wa mawe, ni mahali pa kuoteshea miche, na leo ni pia eneo alilotengewa mwindaji. Chengde ni kitalu kwa maana ya ukuta wake, na Marhubi ni kitalu vilevile.

Ila katika kitalu cha Marhubi naitafuta nchi yangu na siioni. Bara Hindi imo: miembe asili yake ni huko, na Barghash mwenyewe aliishi uhamishoni Bombay baina ya 1859 na 1861. Uajemi imo ndani ya hamamu. Bahari iko mlangoni. Usagara je? Karafuu za visiwani zilitoa fungu lake, hilo halina ubishi. Lakini pembe za ndovu zilizolipiwa ushuru Unguja zilitoka bara, na moja ya njia kuu za misafara baina ya Bagamoyo na Tabora ilipita katika bonde la Mkondoa, hapa petu. Stanley aliivuka tambarare ya Mkata mwaka 1871, masika, katika tope na maji. Wapagazi waliivuka kabla yake na baada yake, na mizigo mabegani. Wengine kwa ujira, wengine watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ila sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe haikutoka hadi 1897.

Sultani alijua thamani ya nchi hii. Karl Peters alipokusanya alama za machifu wa Usagara mwaka 1884, Barghash alimpelekea Kaisari wa Ujerumani malalamiko yake mwaka uliofuata. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji, naye akasalimu amri. Marhubi ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Leo ndovu wa Mkata wamo katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupewa jina la mikumi, ile mitende mirefu ya porini. Haina ukuta, barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inaikata katikati. Wala hakuna mfalme aliyeitungia majina 36. Lakini majina yapo: kila kijito na kila kilima, kutoka Rubeho hadi Mkata, kina jina kwa Wasagara, Wakaguru au Wavidunda, na mengi yamo vinywani mwa wazee tu. Hayo ndiyo ninayoyaandika sasa katika daftari, jina baada ya jina, pamoja na maana yake.

Nanyi washairi wa visiwani, mnapoililia Marhubi, msiache kuililia. Ila katika beti zenu mpeni nafasi yule mpagazi wa Mkata, maana nguzo mnazozisifu naye alizibeba.