Mwalimu Aliye Ng'ambo ya Skrini

Villa Cardal ni mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kaskazini mwa Montevideo, nchini Uruguay. Ni hapa, Mei 2007, watoto wa shule ya msingi walipokabidhiwa kompyuta mpakato, kila mmoja na yake, aende nayo hadi nyumbani. Kufikia 2009 mpango huo, Ceibal, ulikuwa umeenea shule za msingi za umma nchini kote. Kompyuta za kwanza zilikuwa za kijani na nyeupe, aina ileile waliyogawiwa watoto wa Rwanda.

Nimeketi nyuma ya darasa katika shule moja ya jirani. Watoto wamevaa makoti meupe na utepe mpana wa buluu shingoni, sare ya shule za umma huku. Ni kipindi cha Kiingereza, na anayefundisha hayumo chumbani: yumo kwenye skrini ukutani, anazungumza kutoka nchi nyingine. Walimu wa Kiingereza hawakutosha, ndipo tangu 2012 Uruguay ikawatafuta kwa njia ya video, wengine hata Ufilipino.

Mimi namtazama mwalimu wa darasa. Yule wa kwenye skrini huja mara moja kwa wiki. Vipindi viwili vinavyobaki ni vya huyu, ambaye Kiingereza chake hakijawapita sana wanafunzi. Anarudia maneno pamoja nao. Msichana wa dawati la mbele anamrekebisha matamshi. Anarudia tena, somo linaendelea. Mtu aliyezoea kuwa na majibu yote amekubali kujifunza mbele ya watoto wake, na hakuna aliyemdharau. Namheshimu sana kwa hilo. Wizara inaweza kununua mashine kwa maelfu. Moyo wa namna hii haununuliki.

Na mashine peke yake haikutosha. Wachumi wa Uruguay walipochunguza alama za hisabati na kusoma katika miaka ya mwanzo, hawakuona kwamba kompyuta zilikuwa zimezipandisha.

Kipindi kinachofuata ni hisabati. Mwalimu anaagiza kompyuta zifungwe. Hesabu za sehemu zinaanza kwa karatasi: kunja mara mbili, kunja tena, kata, linganisha na mwenzako. Wakishaelewa ndipo wanafungua, na programu inampa kila mtoto maswali ya kiwango chake. Wepesi wanasonga mbele bila kumsubiri mtu. Mwalimu anapita kati ya madawati, anawaona wawili waliokwama, anavuta kiti na kuwarudisha kwenye karatasi.